Joseph O'Brien: Bingwa wa farasi aliyeshindwa na mizani

MWANZONI mwa Machi 2016, kijana wa miaka 22 kutoka Ireland alitangaza kwamba hatapanda tena farasi katika mbio za mashindano. Kufikia siku hiyo Joseph O'Brien alikuwa ameshinda Derby ya Epsom mara mbili na Derby ya Ireland mara mbili, na alikuwa ametawazwa bingwa wa wapanda farasi nchini mwake mara mbili. Hakuwa ameanguka akavunjika uti wa mgongo, jambo ambalo huwapata wengi katika kazi hiyo. Hakuwa amepigwa marufuku, wala hakuwa amekosa wa kumkabidhi farasi mzuri. Kilichomshinda ni mizani.

Taaluma yake katika tandiko ilidumu takriban miaka saba tu, yaani tangu mwaka wa 2009 alipokuwa mwanafunzi wa miaka 16 hadi kustaafu kwake. Wapo wapanda farasi hodari ambao wamefikisha umri wa miaka 50 bila kuonja hata nusu ya mafanikio hayo. Hata hivyo, kisa cha O'Brien hukumbukwa kwa sababu nyingine pia: kinaonyesha jinsi mchezo wa mbio za farasi unavyoweza kumpa kijana kila kitu, kisha ukamdai kitu kimoja ambacho hata akijinyima vipi hawezi kukitoa, nacho ni kimo chake.

Kuzaliwa na malezi

Joseph Patrick O'Brien alizaliwa Mei 23, 1993. Babake, Aidan O'Brien, ni mmoja wa wakufunzi wa farasi wanaoheshimika zaidi duniani. Mamake, Anne-Marie, pia aliwahi kuwa mkufunzi bingwa wa mbio za kuruka viunzi nchini Ireland, na ndiye mwanamke wa kwanza kutwaa taji hilo. Joseph ndiye kifungua mimba katika familia ya watoto wanne: yeye, Sarah, Ana na Donnacha. Wote walijifunza kukaa juu ya farasi wakiwa bado wadogo.

Nyumbani kwao palikuwa Ballydoyle, katika kaunti ya Tipperary. Hapo ndipo palipo na viwanja na mazizi yaliyojengwa na mkufunzi mashuhuri Vincent O'Brien, ambaye licha ya kufanana kwa majina hakuwa na udugu wowote na familia ya Aidan. Farasi wa Ballydoyle humilikiwa kwa kiasi kikubwa na washirika wa kampuni ya uzalishaji ya Coolmore, wakiongozwa na John Magnier, Michael Tabor na Derrick Smith. Kwao, mbio ni mtihani wa kuteua madume ya kuzalisha. Dume aliyeshinda Derby hulipiwa fedha nyingi kila anapopandishwa kwa farasi jike, na mapato hayo huweza kuzidi kwa mbali zawadi zote alizozipata uwanjani.

Jambo hilo ni muhimu kwa anayetaka kumwelewa Joseph. Tangu mwanzo walikuwepo waliodai kwamba alipewa farasi wazuri kwa kuwa tu ni mwana wa mkufunzi. Ni kweli kwamba jina la babake lilimfungulia mlango. Lakini farasi hawakuwa mali ya babake. Mwenye dume la thamani ya mamilioni hawezi kulikabidhi kwa kijana asiyejua kazi ili kumfurahisha mzazi, kwani kosa moja la mpanda farasi katika kona ya mwisho laweza kufuta thamani hiyo kwa dakika moja.

Kabla ya kuingia katika mbio za kulipwa, Joseph alishiriki mashindano ya farasi wadogo ambapo mshindani hupimwa kwa ustadi wa kumwongoza farasi, kuruka vizuizi na kukimbia nyikani. Mnamo 2009 alitwaa medali ya shaba katika mashindano ya Ulaya ya mchezo huo. Mwaka uo huo, mwezi Mei, alishinda mbio zake za kwanza akiwa kitaaluma mwanagenzi, juu ya farasi aliyeitwa Johann Zoffany katika uwanja wa Leopardstown, jijini Dublin.

Kazi ya mizani

Ili kuelewa yaliyomfika baadaye, ni lazima kwanza kufahamu jinsi mizani inavyotumika katika mbio tambarare, yaani mbio zisizo na viunzi, kama zile ambazo mashabiki wa Nairobi huzitazama katika uwanja wa Ngong.

Kila farasi hupangiwa uzani wa kubeba. Kabla ya mbio mpanda farasi hukaa kwenye mizani akiwa na nguo zake za mashindano, buti na tandiko, na baada ya mbio washindi hupimwa tena ili kuthibitisha kwamba hakuna aliyepunguza mzigo njiani. Akiwa mwepesi kuliko inavyotakiwa, vipande vya risasi huwekwa kwenye mifuko iliyo chini ya tandiko hadi hesabu itimie. Akiwa mzito, hakuna cha kupunguza. Ama farasi atabeba mzigo wa ziada na kuhatarisha nafasi yake ya kushinda, ama atatafutiwa mtu mwingine.

Uzani wenyewe haulingani katika mbio zote. Katika mbio kuu za jadi za Uingereza na Ireland, ambazo karibu zote hushirikisha farasi wa umri wa miaka mitatu pekee, madume wa enzi za Joseph walibeba karibu kilo 57 na majike walibeba pungufu kidogo. Katika mbio zinazochanganya umri, farasi wa miaka mitatu hupewa nafuu kwa kuwa bado hajakomaa, hivyo hubeba uzani mdogo kuliko wakubwa wake. Katika mbio za kusawazisha uwezo, ambapo farasi dhaifu hupunguziwa mzigo ili wapate kuwakaribia walio bora, uzani waweza kushuka hadi karibu kilo 50.

Joseph O'Brien alirefuka hadi karibu mita 1.8. Kwa kipimo cha kawaida kinachotumiwa na wataalamu wa afya, mtu mzima wa kimo hicho akipungua chini ya kilo 60 huhesabiwa kuwa amekonda kupita kiasi. Yeye alitakiwa kufika kilo 57 pamoja na tandiko na buti, tena si mara moja kwa mwaka bali wiki baada ya wiki, kuanzia Machi hadi Novemba.

Wapanda farasi wenye tatizo hilo wamekuwa na mbinu zao kwa miaka mingi: kuruka milo, kukimbia wakiwa wamejifunika nguo nzito, kukaa katika maji moto na kujifungia katika vyumba vya mvuke ili jasho liwatoke. Mbinu hizo hupunguza maji mwilini, si mafuta. Mtu aliyekaukiwa na maji hupungukiwa nguvu za misuli na wepesi wa kuamua, mambo mawili ambayo mpanda farasi huyahitaji kuliko yote anapokimbia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa akiwa amezungukwa na farasi wengine. Tafiti zilizofanywa Ireland zimeonyesha pia kwamba miongoni mwa wapanda farasi, mifupa dhaifu ni jambo la kawaida.

Kupanda ngazi

Safari ya Joseph ilianza kwa kasi. Mnamo 2010 aligawana taji la mwanagenzi bora wa Ireland na vijana wengine wawili, Gary Carroll na Ben Curtis. Mei 2011, zikiwa zimebaki siku chache tu atimize miaka 18, alimwongoza Roderic O'Connor kushinda Irish 2,000 Guineas katika uwanja wa Curragh. Hayo yalikuwa mashindano yake ya kwanza ya jadi kushinda.

Novemba mwaka huo alisafiri hadi Marekani, katika uwanja wa Churchill Downs, ambako alishinda Breeders' Cup Turf akiwa juu ya St Nicholas Abbey. Akawa kijana mdogo zaidi kuwahi kushinda mbio zozote za Breeders' Cup. Farasi huyo alikuja kuwa rafiki yake wa kudumu: walishinda pamoja Coronation Cup ya Epsom mnamo 2012 na 2013, na vilevile Sheema Classic ya Dubai mnamo Machi 2013.

Hapo ndipo wengi walipoanza kutambua kwamba kijana huyu hakuwa abiria. Hakupenda kutumia mjeledi kwa pupa. Alikaa kimya juu ya farasi, akamwacha apate pumzi na mdundo wake, kisha akamwomba kasi wakati wapinzani walikuwa wamekwisha kumaliza zao. Miguu yake mirefu ilimfanya aonekane kama aliyekunjwa juu ya tandiko, lakini mikono yake ilikuwa tulivu.

Camelot na mwaka wa 2012

Mwaka uliomtangaza duniani ni 2012, na farasi aliyefanya hivyo ni Camelot. Mwezi Mei walishinda 2,000 Guineas ya Newmarket kwa tofauti ya urefu wa shingo. Juni 2, mbele ya Malkia Elizabeth II aliyekuwa akiadhimisha miaka 60 katika kiti cha enzi, Camelot aliingia katika Derby ya Epsom akiwa miongoni mwa farasi tisa tu. Joseph alimweka nyuma, akateremka naye kona maarufu ya Tattenham bila haraka, kisha akamwachilia. Camelot aliwaacha wenzake kwa umbali wa urefu wa farasi watano.

Derby hiyo ilikuwa imekimbiwa tangu 1780, na hapakuwa na kumbukumbu ya baba mkufunzi na mwana mpanda farasi kushirikiana kuishinda. Joseph alikuwa ametimiza miaka 19 siku kumi tu kabla. Mwishoni mwa Juni wakaongeza Derby ya Ireland.

Likabaki taji moja. Farasi anayeshinda 2,000 Guineas, Derby na St Leger katika mwaka mmoja huhesabiwa kuwa ametwaa Mataji Matatu, na hakuna aliyekuwa amefanya hivyo tangu Nijinsky mnamo 1970. Nijinsky naye alifunzwa Ballydoyle, na Vincent O'Brien, akapandwa na Lester Piggott. Miaka 42 ilikuwa imepita. Wamiliki wengi wa kisasa hukwepa St Leger kwa sababu masafa yake ya karibu mita 2,900 hayamwongezei dume thamani sokoni. Camelot alipelekwa Doncaster mnamo Septemba kwa ajili ya historia.

Alishindwa. Encke, aliyepandwa na Mickael Barzalona, alitangulia kuchomoka, na Camelot alipopata nafasi ya kumfuata hakuweza kufikia isipokuwa robo tatu ya urefu wa farasi. Lawama zikamwangukia Joseph: kwamba alikawia, kwamba alijifungia ndani ya kundi. Mwaka uliofuata mkufunzi wa Encke, Mahmood Al Zarooni, alifungiwa miaka minane kwa kuwapa farasi wake dawa za kuongeza misuli, na Encke akawa miongoni mwa waliopatikana na dawa hizo mnamo 2013. Hata hivyo, sampuli zilizochukuliwa wakati wa St Leger hazikuonyesha kitu, na matokeo yalibaki vilevile.

Wiki tatu baadaye likatokea jambo ambalo halikuandikwa sana wakati huo, lakini lilikuwa dalili ya mwisho. Camelot aliandikishwa kwa Prix de l'Arc de Triomphe jijini Paris, mbio zinazochanganya umri. Kwa kuwa alikuwa wa miaka mitatu, alitakiwa kubeba kilo 56. Derby alikuwa amebeba karibu kilo 57. Tofauti hiyo ya kilo moja ilitosha: Joseph hakuweza kumpanda farasi aliyempa umaarufu, na tandiko likapewa Frankie Dettori. Joseph alipanda St Nicholas Abbey, ambaye kwa umri wake alibeba kilo 59.5. Camelot alimaliza wa saba.

Hata hivyo mwaka huo uliisha vyema. Kwa ushindi wa mara 87 alitawazwa bingwa wa wapanda farasi wa Ireland akiwa na umri wa miaka 19.

Rekodi ya 2013

Mwaka wa 2013 Joseph alishinda mbio 126 nchini Ireland. Rekodi ya awali, ya ushindi wa mara 115, ilikuwa imewekwa na Mick Kinane mnamo 1993, mwaka aliozaliwa Joseph. Rekodi yake mpya ilidumu hadi 2021, Colin Keane alipofikisha 141.

Miongoni mwa ushindi wake mkubwa nje ya Ireland mwaka huo ni Queen Anne Stakes ya Royal Ascot na International Stakes ya York, zote juu ya Declaration Of War, pamoja na St Leger juu ya Leading Light. Ushindi wa Doncaster ulikuwa kama kufuta chozi la mwaka uliotangulia.

Lakini 2013 ulimfunza pia kwamba kuchagua farasi ni kazi nusu ya kushinda. Ballydoyle hupeleka farasi kadhaa katika Derby moja, na mpanda farasi wa kwanza hupewa nafasi ya kuteua. Joseph alimpanda Battle Of Marengo, akamaliza wa nne. Ruler Of The World, wa zizi hilohilo, alishinda akiwa na Ryan Moore wa Uingereza. Jina hilo la Moore lingerejea.

Australia na mwaka wa 2014

Farasi aliyempa Joseph Derby ya pili aliitwa Australia, na hapana shaka alizaliwa kwa kazi hiyo: babake, Galileo, alikuwa ameshinda Derby mnamo 2001, na mamake, Ouija Board, alikuwa ameshinda Oaks mnamo 2004. Baada ya kumaliza wa tatu katika 2,000 Guineas nyuma ya Night Of Thunder na Kingman, Australia alishinda Derby ya Epsom mnamo Juni 7, 2014. Ushindi huo ulimfanya Aidan O'Brien kuwa mkufunzi wa kwanza kushinda Derby hiyo miaka mitatu mfululizo. Derby ya Ireland na International Stakes ya York zikafuata. Katikati ya hayo, Joseph alishinda Gold Cup ya Royal Ascot, mbio za masafa ya karibu mita 4,000, juu ya Leading Light.

Kisha ikaja Irish Champion Stakes ya Septemba huko Leopardstown. Joseph alimpitisha Australia nje ya kundi, njia ndefu lakini isiyo na vizuizi. Akaongoza, na ikaonekana amemaliza kazi, hadi The Grey Gatsby alipomfikia katika hatua za mwisho na kumpita kwa urefu wa shingo. Aliyekuwa juu ya The Grey Gatsby ni Ryan Moore. Kwa mara nyingine maswali yakaulizwa kuhusu njia aliyoichagua kijana huyo. Taji la bingwa wa Ireland mwaka huo lilimwendea Pat Smullen.

Mwisho katika tandiko

Mnamo 2015 Moore akawa mpanda farasi wa kwanza wa Ballydoyle. Uamuzi huo haukumfukuza Joseph, ila ulikubali ukweli uliokuwa ukionekana kila alipokaa kwenye mizani. Zizi lenye farasi wa kushinda kila aina ya mbio halingeweza kumtegemea mtu ambaye angewapanda baadhi yao tu. Mwili wake ulikuwa bado unakua. Kilo alizozimudu akiwa na miaka 18 kwa shida, hakuzimudu tena akiwa na miaka 22.

Alipanda mara chache mwaka huo, lakini aliacha alama. Mnamo Septemba 2015, juu ya Order Of St George, alishinda Irish St Leger ya Curragh kwa tofauti ya urefu wa farasi 11. Huo ulikuwa ushindi wake wa kumi katika mbio kuu za jadi za Uingereza na Ireland, na ndio uliokuwa wa mwisho. Machi iliyofuata akatangaza kustaafu.

Upande wa pili wa uzio

Wengi wangetarajia kijana aliyevunjwa moyo. Joseph alikuwa tayari na mpango. Katika kaunti ya Kilkenny, kwenye kilima cha Owning karibu na Piltown, palikuwa na mazizi ya familia ya mamake, mahali ambapo wazazi wake wote wawili waliwahi kufunzia farasi. Alianza kazi huko, na mnamo Juni 2016 akapata leseni ya ukufunzi. Siku yake ya kwanza rasmi farasi wake wanne walishinda.

Miezi mitatu baadaye alipata ushindi wake wa kwanza wa daraja la kwanza. Intricately alishinda Moyglare Stud Stakes akiwa amepandwa na Donnacha, mdogo wake Joseph. Aliyeshika nafasi ya pili alikuwa farasi wa baba yao.

Jambo hilo likawa kama mazoea. Novemba 2017 Joseph alimpeleka Rekindling katika Kombe la Melbourne nchini Australia, mbio za mita 3,200 ambazo husimamisha shughuli za taifa zima. Rekindling alishinda, Johannes Vermeer wa Aidan akawa wa pili. Akiwa na umri wa miaka 24, Joseph akawa mkufunzi mdogo zaidi kushinda kombe hilo. Rekindling alibeba kilo 51.5, uzani ambao mkufunzi wake asingeweza kuufikia hata katika ujana wake.

Mnamo 2018 Latrobe, aliyepandwa tena na Donnacha, alishinda Derby ya Ireland mbele ya Rostropovich wa Aidan. Hivyo Joseph akawa ameishinda Derby hiyo mara mbili akiwa juu ya farasi na mara moja akiwa amesimama pembeni. Mnamo 2020 Twilight Payment alimpa Kombe la Melbourne la pili, katika uwanja usiokuwa na mashabiki kwa sababu ya janga la corona. Wa pili alikuwa Tiger Moth, naye wa Aidan. Mwaka huo pia Galileo Chrome alishinda St Leger ya Doncaster, mbio zilizowahi kumliza na kumfariji.

Farasi wake State Of Rest alishinda mbio za daraja la kwanza katika nchi nne: Marekani na Australia mnamo 2021, kisha Ufaransa na Uingereza mnamo 2022. Ushindi wa Uingereza ulikuwa wa Prince of Wales's Stakes huko Ascot, mbio ambazo Joseph mwenyewe alizishinda miaka kumi kamili kabla akimpanda So You Think. Wala hakujifunga katika mbio tambarare tu: Desemba 2024 Banbridge alimshindia King George VI Chase ya Kempton, mojawapo ya mbio za viunzi zenye hadhi kubwa zaidi.

Funzo la kisa

Joseph hakuwa wa mwisho katika familia yake kupambana na mizani. Donnacha, aliyezaliwa 1998, alifuata nyayo zake hatua kwa hatua. Alishinda 2,000 Guineas ya Newmarket mnamo 2018 na 2019, akawa bingwa wa wapanda farasi wa Ireland katika miaka hiyo yote miwili, kisha akastaafu mwishoni mwa 2019 akiwa na miaka 21. Yeye pia alikuwa mrefu, na yeye pia akawa mkufunzi. Ndugu wawili, mabingwa wawili, wote wakiacha kilele cha kazi yao katika umri ambao wenzao wengi ndio kwanza wanaanza kujulikana.

Mchezo wenyewe umeanza kujirekebisha, ingawa polepole. Uingereza ilifunga kabisa vyumba vya mvuke katika viwanja vyake vya mbio mnamo 2021 na kuongeza kidogo uzani unaoruhusiwa. Wanaotetea mabadiliko zaidi husema kwamba vijana wa leo ni warefu na wazito kuliko babu zao, na kwamba kiwango kilichopangwa enzi za wapanda farasi wa karne zilizopita huwaumiza walio hai. Wanaopinga husema farasi ndiye anayebeba mzigo, na kwamba miguu yake myembamba haijabadilika.

Kati ya hoja hizo mbili, taaluma ya Joseph O'Brien ni ushahidi unaoweza kutumiwa na kila upande. Ameshinda mbio kubwa akiwa na uzani uliomfaa, na akazuiwa kwa kilo moja tu kumpanda farasi bora wa maisha yake. Wahenga walinena kwamba mlango mmoja ukifungwa mwingine hufunguka. Kwake yeye mlango wa pili ulikuwa papo hapo zizini, na ulikuwa mpana kutosha kupita mtu mrefu. Kwa kijana mwingine mwenye kipaji kama chake na kimo kama chake, lakini asiye na kilima cha Owning cha kurejea, mizani ingekuwa mwisho wa habari.